Aliyevaa Koti la Lutengano

Sitakuapia. Mtu anayeapa kabla hajaulizwa ana lake jambo. Mimi nakuambia tu kwamba kinu changu cha kukoboa mpunga kilikuwa Ubaruku, na kila aliyeleta gunia pale miaka ile ya sabini, reli ya kwenda Zambia ikiwa bado mpya, ananijua kwa sura na kwa sauti. Muulize habari za kinu cha yule Mhehe. Atakwambia kuna jambo lilitokea pale. Tena lilitokea mchana, jua likiwaka, kuku wakiparua nje.

Kwanza unijue. Shule niliiacha kabla haijanizoea. Nilitoka Iringa na shuka moja begani, nikabeba mataruma kwenye ujenzi wa reli, nikawapitishia spana mafundi wa Kichina mpaka ikafika siku wao wenyewe wananiita injini ikikohoa. Hakuna aliyenifundisha. Injini nilizisikiliza, basi. Hata hiyo ya kinu changu niliifukua Chunya, kwenye mgodi wa dhahabu uliokufa zamani, imezama kwenye vumbi hadi shingoni. Watu walicheka. Nikaileta, nikaifungua yote, nikaiosha kwa dizeli, nikaifunga, ikanguruma. Bonde zima la Usangu hapakuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Kama yupo, ajitokeze.

Mtu wangu wa injini alikuwa Lutengano, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye mikono kama makasia. Magunia yalibebwa na vijana, mkubwa wao Masanja, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wa baba yake kutoka kaskazini, mdomo haufungi.

Sasa, kuna mambo mawili ya kinu ambayo lazima uyajue, la sivyo utadhani nakutania. La kwanza, ndani ya kinu hatuzungumzi. Tunapiga kelele, au tunaonyeshana kwa mikono. Masikio yanazoea hivyo, hata injini ikizimwa bado tunapiga kelele, ndiyo maana wake zetu hawatuambii siri. La pili, koti la kazi halirudi nyumbani. Pumba za mpunga zinawasha. Mtoto akiegemea koti lile analia mpaka alfajiri. Kwa hiyo kila mtu ana msumari wake ukutani, jioni anatundika koti na jasho lake, asubuhi analivaa. Msumari wa Lutengano ulikuwa karibu kabisa na injini.

Mambo yalianza na moshi. Injini ikawa inatoa moshi mweusi kama inakoboa mpunga wa wilaya nzima, kumbe kwenye mdomo wa mashine hamna kitu. Inakunywa dizeli, inalalamika, na mchele unatoka kidogo tena umevunjika. Wakati huohuo Lutengano akaanza kukonda. Si kukonda kwa homa, hapana. Mtu anaamka asubuhi amechoka kama amelima usiku kucha. Mwisho akalala kabisa, hawezi hata kushika kijiko. Mkewe, Mama Atupele, alimpeleka hospitali ya misheni. Wakampima, wakasema hawaoni ugonjwa, alishwe vizuri.

"Tajiri, injini imezeeka," Masanja akanipigia kelele. "Iuze, ununue ng'ombe! Ng'ombe hali dizeli!"

"Wewe beba magunia," nikamjibu. "Injini niachie mimi."

Nikafanya kama fundi anavyofanya. Injini moja inavuta mashine kadhaa, kila moja kwa mkanda wake. Ukitaka kumjua mnyonyaji, unavua mkanda mmoja mmoja, unasikiliza. Nikavua wa kukoboa. Injini bado inalia. Nikavua wa kung'arisha. Inalia. Nikavua wa kusaga mahindi, nikavua hata wa feni ya pumba. Sasa injini haivuti kitu chochote duniani, inatakiwa kuimba kama nyuki. Inalia kama imebeba mlima! Niambie wewe, nani alikuwa anavuta?

Nikainua macho. Lutengano amekaa pale kwenye jiwe la injini, ndani ya koti lake, ananitazama.

Nikafurahi. Nikasema moyoni, kijana amepona. Tena kabla sijafungua mdomo, akasema, "Tajiri, rudisha mikanda, tuendelee na kazi."

Niamini. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Na injini inanguruma mita chache kutoka masikioni mwangu. Nami nikamsikia neno kwa neno.

Katika kinu kile hakuna binadamu aliyewahi kusikika bila kupasua koo. Nikamtazama vizuri. Sisi wote tukiwa kazini tunakuwa weupe kwa vumbi, kope, nywele, masharubu, kama tumezaliwa wazee. Huyu uso wake ulikuwa safi, unang'aa kama umepakwa mafuta.

Mwingine angekimbia. Mimi nikaokota hendeli ya kuwashia injini, chuma kitupu, nikampiga nayo begani. Hakutikisika. Akatabasamu. Nikaruka kwenye injini, nikaizima, na ilipokata pumzi yule hakuwapo. Koti lilikuwa kwenye msumari. Nikalishika. Lilikuwa na joto, limelowa jasho jipya.

Masanja alikuwa mlangoni, ameona mwisho wake tu. "Tajiri anapigana na koti!" akawapigia kelele wenzake. "Mwekeeni dau!"

Kicheko kiliwaishia muda si mrefu. Mama Atupele alikuja mbio, kitenge kimefunguka, akasema mumewe alikuwa ameketi uani akiota jua, akapiga ukelele, akaanguka. Nikaenda kumwona. Bega lake la kulia lilikuwa limevimba, na katikati ya uvimbe kuna alama nyembamba ndefu. Ilikuwa upana wa hendeli.

Nilikaa pale uani nikafikiri, na hapa sijifichi, nilifikiri vizuri kuliko wengi. Yule si Lutengano, lakini anakula kwa Lutengano. Jasho la mtu limekaa kwenye koti msimu mzima bila kufuliwa, na kitu fulani kimelikuta, kimelivaa, kimepata sura na jina. Anayekipiga anampiga mwenye jina. Nikilichoma koti kikiwa ndani, nazika mfanyakazi wangu. Nikikifukuza tu, kesho nikiwasha injini kinaamka nayo. Kwa hiyo sharti kwanza kivuliwe, ndipo kiondolewe.

"Nataka mume wako kesho, kinuni," nikamwambia Mama Atupele.

"Mtu huyu hawezi kutembea, Tajiri."

"Abebwe."

"Ukimuua mume wangu utanilisha wewe? Na hawa watoto?"

"Nikimwacha hapa ndipo atakufa," nikasema. "Unaona mwenyewe."

Akaingia ndani kumwandalia uji.

Asubuhi Masanja akamleta mgongoni, na safari hii hakutania. Tukamketisha Lutengano karibu na injini. Nilichukua koti kutoka msumarini, nikamvika mwenyewe, nikafunga kila kifungo hadi shingoni. Alikuwa mwepesi kama debe tupu. Mkewe akapiga magoti nyuma yake, akamkumbatia kiunoni. Mikanda yote nilikuwa nimeivua. Wa feni niliushika mkononi. Masanja nikampeleka nje, kwenye kilima cha pumba ambapo feni inatemea, na kopo la dizeli na kiberiti.

Nikazungusha hendeli. Injini ikashika, ikaimba nyepesi, tamu. Halafu ikaanza kulia.

Pumba za sakafuni zilisogea. Ziliinuka kidogokidogo, kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi, zikasimama kimo cha mtu. Kichwa kilikuwapo, uso haukuwapo. Kikaenda ukutani kwenye msumari, kikaupapasa kwa mikono, juu, chini, kama kipofu anayetafuta mlango. Hamna koti. Kikageuka. Kikamwona Lutengano, kikamshika mkono wa koti, kikaanza kuvuta.

"Usimwachie!" nikampigia kelele Mama Atupele, na sijui kama alinisikia, lakini alikaza mikono mpaka mishipa ikasimama. Mimi nilimsikia yule, si wao. Polepole, karibu na sikio langu: "Nimekufanyia kazi siku zote, Tajiri. Nipe changu."

Sasa sikiliza nilichofanya, maana mafundi wenye vyeti wananiambia haiwezekani. Nilirusha mkanda wa feni juu ya gurudumu la puli linalozunguka, kwa mkono mtupu, bila kuzima injini. Ukiukosea unaondoka na mkono wako. Sikuukosea. Feni ikaamka, ikavuta upepo wa kinu chote, na yule akaanza kukatika kuanzia miguuni, miguu, tumbo, mabega, akivutwa kwenye bomba la feni kama pumba nyingine yoyote. Mkono ulioshika koti ndio uliokuwa wa mwisho kuachia.

Nikachungulia mlangoni nikampungia Masanja. Akamwaga, akawasha, akakimbia hadi kwenye mazizi ya watu.

Ndani, injini iliimba. Moshi ulikuwa mweupe, mwembamba. Lutengano alifumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akajaza kifua hewa, akapiga ukelele uliosikika mpaka sokoni:

"Tajiri! Nina njaa!"

Mama Atupele akacheka na kulia pamoja. "Ndaga," akasema, "ndaga fijo," akirudia shukrani hiyo ya kwao mpaka nikaona aibu, nami si mtu wa kuona aibu.

Kilima kile cha pumba kiliungua ndani kwa ndani majuma mengi, na pale kilipokuwa hapajaota jani mpaka leo. Injini niliisimamishia mtu mwingine, maana Lutengano alirudi Tukuyu kulima kahawa. Alinenepa, na mwanawe aliyezaliwa baada ya hapo akampa jina langu. Mkono wake wa kulia haupandi juu ya bega mpaka leo. Hilo ni la mkono wangu, na yeye analijua, na tukikutana anaanza kunisalimia kabla sijamsalimia. Kwangu, makoti yote yanafuliwa mtoni kila jioni, na anayeacha lake kinuni namfukuza kazi, awe ndugu au mgeni.

Nawe mwenye kinu, au duka, au nyumba yenye watu wengi, shika hili. Ukimwona mtu wako mahali ambapo hukumtuma, usiridhike na sura. Uliza kwanza yule unayemjua yuko wapi, na ana hali gani. Na ukigundua kwamba si yeye, usimpige. Nakuomba, mimi niliyempiga. Usimpige kabla hujajua anakula kwa nani.