Uzi wa Urefu na Uzi wa Upana

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikishika kitambaa huja yenyewe bila kuitwa. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku pale Kawangware, nina cheti cha mambo ya forodha, na cheti hicho nilikitembeza hata mbuzi wa Riruta Satellite wakajua nimepita kwa alama gani. Debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nilivuma mpaka mabati yakatikisika.

Mzee Shikuku aliniajiri katika ofisi yake ya kupitisha mizigo ya watu forodhani. Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya unagonga kuta zote nne. Kazi yangu ilikuwa kutazama vitambaa vilivyotoka ng'ambo na kusema viandikwe mstari gani katika orodha ya ushuru. Usiidharau kazi hiyo. Pamba ina mstari wake, polista ina wake, na zikichanganywa, ule uzi ulio mwingi kwa uzito ndio unaokipa kitambaa jina. Ukikosea jina, mzigo unakwama.

Mzee alikuwa na desturi moja. Mteja akileta kipande, ni lazima uchomoe uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, uchome kila mmoja peke yake, kisha mabaki uyabandike kwenye karatasi nyuma ya faili. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini. Polista hujikunja, ikayeyuka, ikaacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona mabaki hayafanani, unapeleka kipande maabara kikapimwe uzito kabla hujaandika neno. Mimi, msomi, niliuona huo ushamba mtupu.

Basi akaja Mama Awino, fundi wa sare za shule kutoka Sarang'ombe, kule Kibera. Yeye na wenzake wanne walikuwa wameagiza majora ya kitambaa cha kijivu, cha kushona kaptura na sketi za shule moja ya jirani. Shule ilikuwa imewaambia wazi: sare ziwe tayari kabla ya kufungua, la sivyo kazi atapewa mwingine.

Nikachukua kipande alicholeta, nikachomoa uzi wa urefu, nikawasha kiberiti. Ukawaka vizuri, ukaacha jivu laini.

"Pamba," nikasema, kama hakimu.

Mama Awino akakisugua kile kipande kwa kidole gumba. "Kijana, hebu angalia tena. Hii kitambaa si pamba yote. Niliipiga pasi moto ikajivuta, ikang'aa. Pamba haifanyi hivyo."

"Mama, wewe shona. Hii ya vitabu niachie mimi."

"Haya basi, profesa," akasema, akachukua mkoba wake. "Lakini pasi yangu haijaenda shule na haidanganyi."

Nilicheka, mwanangu. Nikaandika pamba, nikatuma fomu, nyuma ya faili nikabandika jivu moja tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mzigo ulipofika bandari kavu, afisa wa forodha alikata kipande, kikaenda maabara. Majibu yakaja: nyuzi za urefu ni pamba, za upana ni polista nene, na polista imezidi kwa uzito. Fomu yasema hivi, kitambaa chasema vile. Majora yakazuiwa, na tukatakiwa kueleza kwa barua ni nani aliyesema hii ni pamba. Zilibaki siku tisa shule zifunguliwe.

Hapo ndipo nilipofanya jambo baya kuliko kukosea uzi. Niliandika barua kwa Kiingereza kizito, hata mimi niliyeiandika nilihitaji kamusi kuisoma, kwamba maelezo ya bidhaa yalitolewa na mwenye mali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimtwika Mama Awino bila kuhisi uzito wowote. Barua ile ingempa jina la mtu anayedanganya forodha, na jina hilo likishaingia huko, kila mzigo wako hupekuliwa hadi mshono wa mwisho.

Nikampelekea Mzee Shikuku atie sahihi. Akasoma polepole. Akafungua faili, akaigeuza nyuma.

"Jivu ya pili iko wapi?"

Nikainama kuichungulia faili, kana kwamba jivu hilo lingejitokeza lenyewe.

"Nakuuliza, bwana msomi. Uzi wa urefu uliuuliza. Wa upana je?"

"Sikuuliza, Mzee."

"Kwa hivyo mtoto akizaliwa unauliza habari ya baba tu, mama unasema hayuko?" Hakupaza sauti. Angepaza, ningepata nafuu. "Na huyu mama alikwambia ni pamba?"

Ningeweza kusema ndiyo. Siku aliyoleta kipande tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na neno langu lilikuwa na cheti. Lakini mficha uchi hazai.

"Aliniambia si pamba yote."

Mzee akavua miwani. "Kumbe alijua. Akakwambia, tena bure. Sasa unataka aadhibiwe kwa kosa ya kusema ukweli?" Akairarua barua taratibu, kama mtu anayemenya ndizi. "Andika ingine. Kosa ni yetu, jina ni yako. Halafu uende Sarang'ombe umwambie na mdomo. Usipige simu."

Nikaandika. Mistari mitatu, mwanangu, na ilinitoa jasho kuliko miaka yote ya shule ya usiku. Kisha nikaenda Kibera. Mama Awino alikuwa kwenye cherehani akitia viraka, wenzake wameketi mikono mitupu. Nikamweleza yote, hata ile barua ya kwanza.

"Ungeniandika mimi mwongo?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na watoto wangu wakule hiyo Kiingereza yako?" Wenzake wakacheka, mimi sikujua pa kuweka mikono. "Si siku ile ulikuwa unaongea kama redio ya kinyozi? Leo betri imeisha." Akakanyaga cherehani. "Enda. Kitambaa ikifika tutaongea."

Barua ya kweli haina maswali mengi, nayo ilipokelewa. Hata hivyo majora yalitoka siku ya nne baada ya shule kufunguliwa, na kazi ilikuwa imeshapewa fundi mwingine. Mama Awino na wenzake walishona kaptura zile, wakaziuza moja moja Soko la Toi muhula mzima, jua na mvua. Jina lake forodhani lilibaki safi. Hicho ndicho kitu pekee nilichomrudishia. Mzigo wao uliofuata waliuleta kwetu tena, ila akaomba ushikwe na Mzee mwenyewe.

Nakuambia haya kwa sababu nawe unaingia kazi hii, na siku hizi unagusa simu, unaandika neno moja, na namba ya ushuru inakujia kabla hujakohoa. Namba si kitambaa. Msikilize anayekishika kila siku, awe amesoma au hakusoma, maana vidole vyake vimeona mengi kuliko macho yako. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuliza upande mmoja ukaridhika. Na utakosea, hilo halina shaka, nami nilikosea mara elfu baada ya hapo. Kosa lako libebe mwenyewe lingali changa. Ukimpa mwingine litakua mikononi mwake, na si yeye aliyelizaa.

Mungu akujalie subira ya kupima kabla ya kutamka, na ulimi usioona haya kusema "ni mimi". Watu watakaokukabidhi majina yao, uwarudishie yakiwa mazima. Nenda kwa baraka zangu, mwanangu.