Sita wa Gatwekera

Wiki moja kabla ya sensa, ploti yetu ya Gatwekera, mtaa wa mabanda jijini, ilianza kuhama. Vyumba ni kumi, na wapangaji karibu wote tumetoka Magharibi. Ujumbe kutoka nyumbani ulikuwa mmoja: njooni mhesabiwe huku, tukiwa wengi kaunti itapata mgao mkubwa wa fedha za serikali. Watu wakafunga mizigo kama wanaoenda Krismasi.

Kaka yangu mkubwa alinipigia simu. Alinitaka mimi, mke wangu na watoto wanne.

"Siendi," nilimwambia. "Mimi naishi hapa."

"Huko umekodi tu. Kwenu ni huku."

"Nimekodi miaka ishirini na mitatu. Watoto wote wamezaliwa hapa."

"Basi nitawaandikisha mwenyewe. Karani akija nitasema mlilala kwangu."

"Tutakuwa tumehesabiwa mara mbili, na mimi nitamwambia karani wa huku ukweli."

Akacheka. "Na ukifa, profesa, utazikwa hapo katikati ya mabati?"

"Wafu hawahesabiwi, kaka. Nikifa nitakuja."

Akakata simu.

Shule niliiachia darasa la nane. Mengine nimeyasoma katika vitabu vya mitumba, na kimojawapo kilikuwa cha majedwali ya sensa za zamani. Nilikipitia mstari kwa mstari, rula mkononi. Ndipo nilipoelewa kwamba karani haulizi kwenu ni wapi. Anauliza usiku ule ulilala wapi. Sisi tunalala hapa, tunaugua hapa, watoto wetu wanabanana watatu kwenye dawati moja hapa. Kisha siku ya kuhesabiwa tunapanda basi kwenda kujaza kijiji tunachokaa wiki mbili kwa mwaka, na tukirudi tunalalamika kwamba serikali haituoni.

Mke wangu alikuwa ameshakunja nguo za safari.

"Mama yako atasema ni mimi nimekukataza," alisema.

"Mwambie nimekukataza mimi."

Alinitazama kidogo, akaanza kuzirudisha sandukuni.

Karani alikuja siku ya pili ya sensa, asubuhi, msichana mwenye kishikwambi.

"Sasa, mzee. Usiku wa sensa mlilala wangapi hapa?"

"Sita." Nikawaita mmoja mmoja mlangoni, ingawa hakuniomba.

Alipomaliza, aliandika namba kwa chaki kwenye mlango wetu, akageuka kutazama milango mingine. Saba ilikuwa na kufuli.

"Na hawa?"

"Wameenda kuhesabiwa nyumbani."

"Kwani hapa si nyumbani?"

"Kwangu ni hapa. Hao waulize wakirudi."

Kaka hajanipigia tangu siku aliyonikatia simu. Kama alituandikisha, alidanganya.