Hesabu za Damu ya Shija

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, mimi na baba tuliposhuka kwenye lori la mizigo nje kidogo ya Geita, vumbi jekundu limetukaa mpaka kwenye kope, tukaanza kuuliza watu kama wanamfahamu kijana anayeitwa Shija, mtu wa Kishapu.

"Shija wapo wengi hapa," alitujibu muuza maji wa kwanza tuliyemkuta.

Na kweli walikuwa wengi. Kwetu Usukumani anayezaliwa nyuma ya mapacha huitwa Shija, na miaka ile karibu kila nyumba ilikuwa imetoa kijana kwenda kutafuta dhahabu. Wetu alikuwa mdogo wangu wa pekee. Mapacha waliomtangulia walikufa wachanga, mama naye akafariki Shija akiwa bado hajaanza shule. Tukabaki watatu kwenye mji mkubwa wenye zizi na nyumba zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya watu wengi. Baba hakuwa mtu wa maneno. Ungeweza kushinda naye siku nzima na jioni ukakuta amesema mambo mawili, yote ya ng'ombe.

Shija alizaliwa na selimundu. Leo ukilitaja neno hilo hata mtoto wa shule atakwambia ni ugonjwa wa damu. Sisi wakati ule hatukuwa na neno. Tulikuwa na mtoto mwenye macho ya manjano, ambaye vidole vilimvimba, na ambaye siku nyingine alilia kwamba mtu anamvunja mifupa. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema ni mvivu, kwa sababu siku akiwa mzima alikimbia kama wenzake, na maumivu yake hayakuwa na kidonda ambacho mtu angekiona akamwamini. Baba alimpeleka hospitali Shinyanga mjini, huko ndiko tulikoambiwa jina. Wenzake walipokwenda kuchunga, yeye alibaki nyumbani. Mara nyingi nilirudi kutoka shuleni nikamkuta kwenye ukuta wa zizi, upande wenye jua, akicheza bao peke yake. Akimaliza zamu ya upande mmoja, ananyanyuka, anazunguka, anakaa upande wa pili.

Mimi nilipenda hesabu, zikanipeleka chuo kikuu. Huko mwalimu wetu mmoja alisema anatafuta mwanafunzi wa kutengeneza modeli ya seli nyekundu ya damu, yaani kuyaandika maisha ya seli kwa hesabu mpaka kompyuta iweze kuyafuata. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Wenzangu walichagua mambo ya benki na barabara, wakakaa kwa makundi, wakasaidiana. Mimi nilipewa chumba chenye kompyuta na dirisha moja, nikakaa humo.

Nikueleze kidogo, maana jambo hili si gumu likisemwa taratibu. Seli nyekundu ya kawaida ni laini. Inapinda, inapenya kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, inashusha oksijeni, inarudi mapafuni kuchukua nyingine. Ya mwenye selimundu hutoka mapafuni ikiwa laini vilevile, lakini ikishashusha mzigo wake, protini iliyomo ndani huanza kushikana na kujipanga nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo huivuta seli mpaka ikawa ngumu, imepinda kama mundu, ikaziba njia. Hapo ndipo mtu hulia mifupa. Sasa, nyuzi hizo hazitokei papo hapo. Kuna muda wa kusubiri. Seli ikiwahi kurudi mapafuni kabla muda haujaisha, imepona safari hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuandika mlinganyo wa muda huo, niseme unafupishwa na nini. Nikakuta kwamba seli ikipungukiwa maji kidogo tu, muda ule haupungui polepole. Unaporomoka. Na mwili ukishikwa na baridi mishipa inabana, damu inachelewa njiani, nyuzi zinaiwahi seli kabla haijafika.

Nilipouona ule mstari ukianguka kwenye kioo cha kompyuta, nilisimama nikatafuta mtu wa kumwonyesha. Koridoni hapakuwa na mtu. Nikarudi nikakaa.

Likizo ile nilipofika nyumbani, Shija hakuwepo. Alikuwa ameaga kwamba anakwenda mnadani Mhunze, hakurudi. Mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kahama ndiye aliyemletea baba habari kwamba amemwona kijana wake machimboni Geita, anashuka kwenye duara. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, mwanangu. Linakwenda chini kama kisima, halafu linajipinda kufuata mwamba. Chini kuna joto, hewa ni chache, na mtu hutoka jasho mpaka koo linakauka. Ukiniambia nichague mahali pa kuufupisha ule muda kwenye mlinganyo wangu, nisingepata pabaya kuliko hapo.

Baba alimwachia jirani ng'ombe, akafunga michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye kitambaa, kwa sababu Shija alipenda michembe kuliko chakula kingine, tukaondoka.

Tulimpata siku ya pili. Tulisimama kando ya duara, vijana wakawa wanapanda mmoja mmoja, wote wana rangi moja ya vumbi. Mmoja akasimama ghafla.

"Shikamoo baba," alisema. "Dada Milembe. Mmefikaje huku?"

"Marahaba," baba akamjibu. "Umekula?"

Mimi nilikuwa nimejaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Kahama, mambo ya maji na oksijeni na muda, na nilikuwa na hakika hakuna mtu aliyeumbwa ambaye angeyasikia akabaki pale. Nikafungua mdomo. Wenzake walikuwa wamesimama, wanatutazama. Baba akanishika kiwiko.

"Milembe, tuondoke kidogo."

Tukaenda hadi nyuma ya rundo la mawe. Hapo ndipo nilipomsikia baba akisema maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Wewe umekuja kumchukua mgonjwa," alisema. "Mimi nimekuja kumwona mwanangu. Umewaona wale vijana wanavyomwangalia? Hawajui. Hapa amekuwa mtu kama watu. Ugonjwa wake anaujua kuliko mimi na wewe, haujamwacha asahau hata siku moja. Ukimwambia leo anachoumwa, utamwambia kitu gani kipya?"

"Lakini baba, atakufa humo shimoni."

"Ndiyo maana hatuondoki."

Nilidhani ni maneno tu. Kesho yake asubuhi baba alikwenda kwa Masanja, msimamizi wa lile duara, akamwomba kazi ya kuvuta kamba ya ndoo za mawe. Masanja alicheka, akamwangalia zile mvi.

"Mzee, hii si kazi yako."

"Aliyeko chini ni mwanangu," baba akasema. "Wewe vuta mawe, mimi nitamvuta yeye."

Masanja akaacha kucheka, akampisha.

Basi tukakaa. Baba, mtu wa ng'ombe ambaye hakuwahi kuajiriwa na mtu, alishinda juu ya shimo akivuta kamba, na kila ndoo tupu ilipoteremka aliweka ndani yake chupa ya maji. Hakumwambia Shija arudi nyumbani hata mara moja. Mimi nilipika, nikaosha, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Alasiri moja Shija alikuja kukaa karibu yangu, anakula michembe.

"Dada, hicho unachosoma chuoni," alisema, "kina mimi ndani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikachora kwa kidole kwenye tope la mawe yaliyosagwa: mshipa, mapafu, seli inayopita. Nikamweleza mbio zile, na jinsi maji yanavyoipa seli nafasi ya kuwahi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakutafuna.

"Kwa hiyo si mifupa inayovunjika."

"Hapana. Ni njia imezibwa."

"Miaka yote hii nilidhani kuna kitu kinanichukia humu ndani." Akaitazama ile seli niliyoichora. "Na hii inasafiri na nani?"

"Kwenye hesabu zangu inasafiri peke yake. Ndiyo rahisi kukokotoa."

"Maskini," akasema, akaendelea kula.

Siku chache baada ya hapo, mchana, kamba ilitikisika vibaya. Baba na Masanja walivuta pamoja, Shija akatoka amejikunja, anahema kama mtu aliyebebeshwa gunia kifuani. Walimweka kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, sisi tukafuata. Hospitalini daktari alisema ugonjwa umeingia kwenye mapafu, akamwekea oksijeni na dripu, akasema anahitaji damu upesi. Mimi nilikaa kwenye benchi. Kila alichokifanya daktari nilikijua kwa namba, na namba zote zile hazikunipa hata njia moja ya kumshika mkono mdogo wangu mlango ulipofungwa. Baba alikuwa amekaa pembeni yangu, viganja vimechubuka na kamba.

Halafu Masanja akaingia na vijana wa duara lile, wamejaa vumbi vilevile. Muuguzi akawauliza wanatafuta nini.

"Tumesikia Shija anataka damu," Masanja akasema. "Pima, uone ya nani inamfaa."

Shija alipona safari ile. Alipoweza kuongea, Masanja alimwinamia.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngenifukuza."

"Tungekuweka juu."

Na kweli walimweka juu. Hakurudi Kishapu. Alibaki Geita, akawa mtu wa juu ya shimo, wa kamba na wa maji, na vijana wapya walipoteremka yeye ndiye aliyewafokea wanywe maji. Baba alikaa naye mpaka mvua zilipoanza, ndipo akarudi kwa ng'ombe wake. Shija aliishi miaka mingi kuliko wengi walivyotarajia. Alipofariki, homa ilimkamata msimu wa baridi, na mimi nilikuwa mbali, nafundisha. Marafiki zake walikuwa kando ya kitanda chake. Hilo huniliwaza, na papo hapo huniuma, maana wao walimsindikiza na mimi nilimkuta amezikwa.

Modeli yangu niliimaliza. Niliiandika upya, nikaziweka seli nyingi kwa pamoja, zinazosukumana na kunatana, ikawa ngumu mara nyingi zaidi, ikanichukua miaka. Siku nilipoikamilisha baba alikuwa ameshafariki, na Shija, wa kumwambia "ina wewe ndani", naye hakuwepo tena. Nilikwenda dukani nikanunua soda, nikainywa nimesimama.

Sasa nimestaafu, ninaishi Kahama. Asubuhi ninaandika maelezo mafupi ya magonjwa tunayoishi nayo, selimundu, shinikizo la damu, kisukari, kichomi, kwa Kiswahili ambacho baba angekielewa, na zahanati za jirani huyabandika ukutani. Jioni ninasikia mabasi yakiita abiria. Nyumba ni safi sana. Nyumba ya mtu mmoja haichafuki.

Ndiyo maana ninakuambia haya, mwanangu, wewe unayeingia kwenye kazi hii ya kuutazama mwili wa binadamu kwa hesabu. Isome sana. Usimsikilize anayekwambia hesabu haziponyi, maana kuujua muda ule kumewasaidia wanaotafuta dawa. Lakini kabla hujamweleza mtu ugonjwa wake, muulize kwanza kama amekula, kisha kaa. Mwenye maumivu yasiyoonekana ameshaambiwa mengi. Anayekaa naye ni mmoja mmoja. Kama nyumbani kwenu yupo mtoto wa selimundu, mpe maji kila wakati, mfunike baridi, akipata homa usingoje, mpeleke hospitali. Na wewe na mchumba wako pimeni damu kabla ya ndoa, mjue mnachobeba. Mimi nilipima nikiwa mtu mzima, nikakuta nimebeba nusu ya alichobeba Shija. Nililia, lakini nilifurahi pia kwamba tulikuwa na kitu kimoja ndani yetu.

Na kazi yako usiifanye chumbani tu mpaka ikuzeeshe. Mweleze mtu wa nyumbani kwenu, hata kama hakusoma, mchoree kwenye mavumbi, naye akuulize maswali yake. Mweleze wakati bado yupo.

Nenda sasa, mwanangu. Mwenyezi Mungu aitunze damu yako na ya watoto wako. Akupe kazi inayokuzidi akili kidogo, ili usichoke kuitafuta. Na kila jioni urudipo, akujalie mtu mlangoni wa kukuuliza leo umeshinda wapi.