Jina la Musa Ubaoni

Laiti ningekataa kuandika ubaoni jina la mdogo wangu Musa, miongoni mwa wapiga kelele. Juzi, hapa ughaibuni, mtaani Muaither, mjukuu wangu alinisomea habari za mwasisi wa Marekani aliyetetea usawa wa binadamu huku akimiliki watumwa, nikaikumbuka harufu ya chaki.

Nilikuwa nimerudia darasa, Musa akanikuta, tukawa darasa moja. Mchana ule, mwalimu akiwa nje, Musa alikariri mawazo ya mwasisi huyo kwa ajili ya mdahalo, na darasa zima likampigia makofi. Mimi kiranja nilidhani usawa ni kusifiwa sawasawa, nikashika chaki kuandika jina lake.

"Kaka, hata mimi unaniandika?"

"Kelele ni kelele, mheshimiwa."

Mwalimu alimwondoa kwenye mdahalo. Musa hakunisemesha tena hadi alipozikwa. Wivu wangu ulinipotezea ndugu.