Aliyegonga Kioo

Kompyuta ya kwanza niliyoifanyia kazi ililetwa Makambako kwa lori, imeviringishwa kwenye blanketi, katikati ya mabelo ya mitumba na majokofu yaliyochokwa na wenyewe huko Ulaya. Ilikuwa miaka ya soko huria. Mwenye mtaji alileta alichotaka, na bosi wangu, mtu wa malori aliyehamia kutoka pwani, alitaka ofisi ya uchapaji karibu na njia panda. Mimi nilikuwa nimejifunza kuchapa kwa taipureta. Alipoiweka mashine mezani alisema bismillahi, akabonyeza kitufe, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

Kioo kikawaka, na kwenye kona ya chini kikajitokeza kikaragosi.

Kilikuwa kijitu cha katuni, kichwa kikubwa, macho mawili ya duara yaliyofuata kila herufi niliyoichapa. Nikiendelea kuchapa, kilisoma. Nikiacha kuchapa kwa muda, kiliinama mbele, kikakunja kidole na kugonga kioo kwa ndani, mara mbili haraka, kimya kidogo, halafu mara moja. Baada ya hapo kilitoa maneno ya Kiingereza kikiuliza kama nahitaji msaada. Bosi alicheka, akakiita kibwengo. Mimi sikucheka. Nilitamani kuinuka nikafungue mlango.

Afadhali niseme sababu mapema nisije kuonekana mwoga wa bure. Baba yangu alikuwa mtu wa mbao kutoka upande wa Njombe, mzee wa usharika wa Kilutheri, mwenye mke na watoto wake huko. Alikuwa akileta mbao Makambako kupakia kwenye mabehewa ya reli, na akishapakia alifika Mahongole, kwenye chumba cha mama yangu chenye dirisha moja la kioo. Hakupiga hodi. Aligonga kioo kwa pete yake ya ndoa, mara mbili haraka, kimya kidogo, halafu mara moja. Mama alijifuta mikono na kwenda kufungua. Baba alituletea sukari, na mwaka mmoja aliniletea viatu. Nilipokuwa darasa la tano aliacha kuja. Tulisikia kwamba wenzake kanisani walikuwa wamemkalisha chini.

Hakuniandika popote. Kwenye cheti changu cha ubatizo pale penye jina la baba pana mstari mtupu. Mama aliniambia nisihangaike kwenda kumdai, nisubiri, kwa sababu siku ya kuzikwa mtu watoto wake wote huhesabiwa. Mama alikufa kabla kompyuta haijafika, lakini maneno hayo niliyashika. Sikutaka shamba wala miti yake. Nilitaka kuhesabiwa, basi, na nilikuwa na hasira kwamba nililazimika kulisubiri jambo dogo namna hiyo.

Sasa fikiria nimeajiriwa kukaa siku nzima mbele ya kitu kinachogonga kama yeye.

Nilianza vita siku ile ile. Palikuwa na mahali pa kukificha. Nilikificha, na nilipowasha mashine asubuhi nilikikuta pale pale kinanitazama. Nilitafuta orodha ya programu, nikapata jina lake, nikabonyeza pa kuondolea. Maandishi ya Kiingereza yalitokea, nikayafasiri kwa kamusi neno kwa neno. Yalisema kitu hiki ni sehemu ya mfumo na hakiwezi kuondolewa. Niliyasoma tena na tena. Mashine ni ya bosi, umeme analipa bosi, na anayeiwasha ni mimi, halafu mtu wa mbali asiyemjua hata mmoja wetu ameamua nani akae humo ndani na nani atoke. Nilikasirika mpaka nikazima mashine kwa kuchomoa waya ukutani.

Bosi alimleta fundi kutoka Njombe, kijana mpole mwenye kisanduku cha disketi. Alihangaika tangu asubuhi hadi adhuhuri, akafuta hiki na kile, na kikaragosi kikapotea. Nilimchemshia chai kwa furaha. Kesho yake mashine iligoma kuchapa hata herufi moja. Fundi akarudi, akarudisha kila alichokifuta, na cha kwanza kurudi kilikuwa kikaragosi, kikiinama na kugonga. Fundi alifunga kisanduku chake akasema, "Dada, hicho kimezaliwa nayo. Ukikitoa unaiua."

Nilibandika karatasi kwa selotepu kwenye ile kona, kikahamia kona nyingine. Sauti nayo ilitoka ndani ya kioo chenyewe, na kidude cha kuipunguza kilivunjikia safarini. Mwisho niligundua dawa ndogo. Mteja akiwa anafikiri la kusema, nilibonyeza kitufe cha nafasi kwa kidole gumba, polepole, tena na tena, halafu nikafuta zile nafasi. Ilikuwa kama kumpapasa mtoto mgongoni asiamke. Kwa namna hiyo niliweza kukinyamazisha, mradi nisijisahau.

Nilijisahau siku ya msiba wa kwanza. Kwetu mtu hazikwi bila wasifu wake kusomwa makaburini: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini, ameacha watoto wangapi. Zamani uliandikwa kwa mkono. Ofisi ilipofunguliwa, watu wakaona heshima kuuleta uchapwe, na hawakumtuma mtu mmoja. Walikuja watatu au wanne wa ukoo, ili kila neno likubaliwe na wote. Walikaa kwenye benchi nyuma yangu, wakitazama kioo juu ya bega langu.

Familia hiyo ya kwanza ilifika penye wake wa marehemu, ikanyamaza. Mmoja alikohoa. Nami nilikuwa nimegeuka kuwatazama, kidole nimekiondoa. Kikaragosi kikagonga. Bibi mmoja aliyejitanda kanga hadi kwenye macho alisimama wima akasema kwa Kibena, kisha kwa Kiswahili ili nami nielewe vizuri, kwamba marehemu amekataa. Nilijaribu kumweleza. Nilisema mashine hugonga kila mtu akinyamaza, hata nikinyamaza mimi peke yangu. Bibi aliniuliza kama huwa nanyamaza bure. Wakamwandika mke wa pili waliyetaka kumwacha, wakaondoka bila kuagana.

Habari hiyo ilienea kwa malori na kwa mabasi. Kosa lao lilikuwa rahisi, na hata leo siwacheki. Anayesoma wasifu hatulii kwenye mwaka wa kuzaliwa wala jina la shule, anatulia pale penye jambo lililofichwa, na kikaragosi kilisubiri kutulia huko huko. Kwa hiyo kiligonga palipofichwa. Kiligonga penye mtoto wa nje, kikagonga penye ugonjwa usiotajwa, kikagonga penye ndugu aliyefukuzwa. Familia nyingine zilikuja kwangu makusudi, nyingine zilivuka barabara kwenda kwa mzee mwenye taipureta. Bosi alianza kuingia ofisini akiwa anasoma dua chinichini, na aliacha kukiita kibwengo. Nami, niliyejua siri ya kile kidole gumba, nilianza kukaa nikiwa nimeligeuzia mgongo dirisha, sijui kwa nini.

Siku aliyoletwa baba ilikuwa asubuhi ya baridi kali, upepo unatimua vumbi barabarani. Pikapu ilisimama mbele ya ofisi, nyuma ikiwa na jeneza lililofunikwa shuka jeupe na turubai. Waliingia watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye koti zito, mwingine mama mtu mzima aliyevaa sweta na kilemba cheusi. Mama huyo alinisalimia kwa Kibena, kamwene, nikamwitikia. Mwanamume akaeleza kwamba wanatoka hospitali Iringa na mwili wa kaka yake, Njombe hakuna umeme siku ya tatu, na mazishi ni kesho, kwa hiyo wameona wachapishe wasifu hapa. Mama yule ndiye mjane, alikuwa amemuuguza huko. Hakutaka kubaki ndani ya gari.

Mwanamume akaanza kusoma karatasi yake. Alitaja jina.

Vidole vyangu vililichapa. Nilishangaa kwamba niliweza. Alitaja kijiji, ubatizo, kipaimara, biashara ya mbao, uzee wa kanisa, na mimi nilichapa yote bila kukosea, kidole gumba kikifanya kazi yake kila alipogeuza karatasi. Kupitia mlango uliokuwa wazi nililiona lile turubai likipandishwa na kushushwa na upepo. Nilikuwa karibu naye kuliko wakati wowote tangu darasa la tano.

Akasoma, "Marehemu ameacha mjane na watoto sita."

Nilichapa mpaka neno watoto. Halafu nikasimama.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana ndipo nilipokosa au nilipopatia. Hakuna aliyenyamaza isipokuwa mimi. Wao hawakuwa na wasiwasi wowote, walikuwa wanasubiri neno sita litokee. Ningeweza kubonyeza nafasi. Kitu kile nilichokipiga vita mwaka mzima, nilichokibandikia karatasi na kukiitia fundi, safari hii nilikingojea. Niliinua mikono yote miwili kutoka kwenye herufi, nikaiweka mapajani.

Kikaragosi kilinitazama. Kilitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, au woga ndio ulionirefushia. Kisha kikainama, kikagonga mara mbili haraka.

Katika ule ukimya mdogo nilimsikia mjane nyuma yangu akivuta pumzi, kabla pigo la tatu halijagongwa. Alijua kwamba lipo la tatu.

Likagongwa.

Shemeji yake akauliza ni nini hicho. Nilifungua mdomo nimweleze habari za mashine, lakini mjane alikuwa amekwisha kusimama. Hakukitazama kioo. Alikuwa anatazama nje, kwenye turubai. Akasema kwamba hivyo ndivyo mume wake alivyogonga dirisha la chumba chao kila alipochelewa kutoka Makambako.

"Andika saba," akaniambia.

"Shemeji, watoto ni sita," mwanamume akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyewazaa."

"Sita ni wangu," akasema. "Saba ni wake."

Nilichapa saba. Herufi zile nne zilinichukua muda, na mashine ikakaa kimya. Shemeji alitaka kujua huyo wa saba ataandikwa jina gani, maana wenzake wamepangwa kwa majina chini. Mjane alisema jina halijui, iachwe nafasi. Nilijua jina. Lilikuwa limenijaa mdomoni, na sikulitoa, kwa sababu niliogopa kwamba nikijitaja wangejua nilikiacha kigonge makusudi, na hata hiyo saba ingefutwa. Nikaacha nafasi. Printa ilipomaliza, mjane alipokea karatasi zikiwa bado na joto, akaziweka kifuani ndani ya sweta. Mlangoni aligeuka akaniambia mazishi ni saa nane. Hakuna mteja mwingine aliyewahi kuniambia saa ya mazishi.

Jioni nilibaki na kikaragosi peke yetu. Nilikaa mikono ikiwa mapajani, nikasubiri. Kiligonga kama kawaida na kuniuliza kwa Kiingereza kama nahitaji msaada. Nikazima mashine. Tangu siku hiyo sikujaribu tena kukiondoa.

Kesho yake nilipanda basi la kwanza la Njombe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina ya miti, na kutoka barabarani nilifuata sauti ya kwaya kwa sababu watu sikuwaona. Nilisimama nyuma kabisa, kati ya wanawake nisiowajua. Yule mdogo wake marehemu alisoma wasifu niliouchapa, na alipofika penye watoto saba sauti yake ilishuka, lakini alisoma. Mguno ulipita. Wanawake walio mbele yangu wakaanza kuhesabu kwa vidole.

Baada ya jeneza kufukiwa, mchungaji aliwaita watoto wa marehemu waje waweke maua. Walisogea sita, wakubwa kwa wadogo, na mmoja wao alikuwa na paji la uso kama langu. Mjane alimpa kila mmoja ua. Walipomaliza lilibaki ua moja mkononi mwake. Mchungaji aliitazama karatasi, akawatazama, akauliza kwa sauti ya chini kama wa saba yupo.

Watu wote walinyamaza. Nilihesabu moyoni, muda ule ule kinaochukua kikaragosi kabla ya kuinama, na ninakiri kwamba nilisubiri kusikia kitu, kwenye jeneza, kwenye ukungu, popote. Muda ule ukapita, na mwingine kama huo ukapita. Safari hii hakuna aliyenigongea. Nikawaomba wanawake walio mbele yangu wanipishe.