Redio ya Bibi na Wageni Wasiopiga Hodi

Jana jioni, hapa kwangu Ipagala, nilizima televisheni katikati ya tamthilia. Mwanamume wa humo ndani alikuwa amemkamata mkewe nywele, na wanangu wanatazama huku wanatafuna. Wakaninunia wote. Wifi yangu, aliyekuja kututembelea, akacheka: "Wifi, watoto unawalea kama watawa! Wenzao watawacheka." Mume wangu akajifanya anatafuta chaja. Mimi nikaifutika rimoti kwenye kanga kiunoni, nikaketi.

Ukitaka kujua ukaidi huu nimeutoa wapi, ndugu yangu, twende kijijini Bahi, kwa bibi aliyenilea.

Bibi alikuwa na redio moja ya betri. Mchana betri zilianikwa juani pamoja na mlenda, zipate nguvu. Jioni zilirudishwa, nasi wajukuu tukakaa mkekani kubangua karanga, vyura wakipiga kelele kwenye majaruba ya mpunga. Tulisikiliza kwaya, habari, kisha mchezo wa redio. Lakini mtu akianza kutukana mle ndani, au kumpiga mkewe, bibi alinyoosha mkono, redio kimya. "Huyu hakupiga hodi," alisema. Kwake hata mchungaji wa kanisa alisimama nje mpaka aitikiwe. Mlevi wa redioni angepitaje hivihivi mpaka mkekani kwa watoto?

Tulilalamika weee! Bibi hata hakutuangalia. "Haya, malizieni wenyewe." Basi kila mmoja alimalizia hadithi kwa zamu, karanga mkononi. Binamu yangu, mtundu kuliko sote, kila mara alimrudisha yule mke kwao, akalima mpunga, akanawiri, na mume akaja kupiga magoti mbele ya wakwe. Bibi mwenyewe alicheka mpaka machozi. Kisha tukasali, tukalala.

Unajua, nilikua nikiamini kwamba michezo yote ya redio huishia katikati, na kila nyumba humalizia ya kwake. Siku nilipopelekwa mjini kwa shangazi, Majengo, nikausikia mmoja hadi mwisho. Nilishangaa, halafu nikakasirika. Mke alikufa, muziki ukapigwa, shangazi akainuka kwenda kuangalia maharage. Mwisho wa binamu ulikuwa bora mara mia.

Sasa bibi hayupo. Tembe yake, ile nyumba ya udongo, imebomoka; pale ilipokuwa panalishwa mbuzi. Binamu yuko mbali, na tunachotumiana ni video za kuchekesha, bila hata salamu. Hilo linaniuma kuliko tembe. Ndiyo maana nashikilia rimoti: naogopa wanangu watazijua sauti za waigizaji wote, wasijue za wao kwa wao. Nimesali sana juu ya jambo hili, na sijaona sababu ya kulegea.

Basi jana, wifi akiwa bado anacheka, nikawaambia, "Malizieni wenyewe." Wakubwa wakatazama dari. Kitinda mimba wangu, binti ambaye mezani kwetu hutasikia sauti yake, akasema polepole, "Mama, huyo mama angekimbilia hapa kwetu. Angepiga hodi, tungemfungulia."

Wifi akaacha kucheka. Mume wangu akasahau chaja, akavuta kiti karibu na mtoto. "Halafu?" akamuuliza.

Waniite mshamba, waniite mtawa. Leo jioni naizima tena.