Kuku Bila Firigisi

Duka letu la Kakamega ni tawi la kampuni kubwa yenye maduka katika nchi nyingi, na yote yamepangwa sawasawa. Mpangilio wa rafu hutoka makao makuu, ng'ambo. Mgeni akiingia hana haja ya kuuliza chumvi iko wapi. Kampuni inakua hivyo: ikishaweza jambo mahali pamoja, inalirudia kila mji.

Mimi nilipewa kaunta ya kuku. Walikuja kutoka bohari kuu wakiwa safi, wamefungwa vizuri, lakini hawakununuliwa. Siku moja mama mmoja akamrudisha kuku wake, amefura kwa hasira.

"Dada, firigisi iko wapi? Wakwe wameketi sebuleni. Niwapakulie aibu?"

Haki ya Mungu, alisema kweli. Kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye heshima pale mezani, na mgeni akiikosa anajua hakutakiwa. Bohari ilizitoa na kuzifunga kando. Nilijaribu kuziuza hivyo, watu wakanicheka: "Hii ilikuwa ya kuku gani?"

Ndipo bosi wa kanda akaja na uamuzi wake: kaunta ifungwe, iwekwe friji ya aiskrimu. Sisi wa kaunta twende nyumbani. Weh! Mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

"Bosi, kuku hawana kosa. Warudishieni firigisi zao tumboni, halafu ufunge ukitaka."

Akacheka. "Kampuni nzima ibadilike kwa ajili ya firigisi?"

"Si kampuni nzima. Kakamega tu."

Akanipa mwezi mmoja, akaiagiza bohari ituletee kuku wenye firigisi tumboni. Jumamosi ya kwanza wateja walibonyeza tumbo la kila kuku kuhakikisha, na kabla ya adhuhuri kaunta ilikuwa tupu. Habari ya aiskrimu sikuisikia tena.

Mwaka huu tumefungua tawi jipya mji wa jirani, nikatumwa kuwafundisha wa kaunta. Nilienda nimejiandaa kugombana upya. Nikafungua katoni ya kwanza: firigisi imo. Ya pili, imo. Dereva wa bohari akaniambia siku hizi matawi yote ya magharibi yanaletewa hivyo, ni amri ya ng'ambo.

Ng'ambo! Hata jina langu hawalijui. Nilicheka peke yangu, wafanyakazi wapya wakidhani nimechanganyikiwa. Acha wadhani. Kampuni ile ilinifundisha kazi, na mimi, binti kutoka Khwisero, niliifundisha kumpakulia mgeni.